Mikono Ikipata Kazi: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Ubunifu Badala ya Wasiwasi

Mwezi wa Julai mjini Iringa baridi ya kipupwe hupenya hadi chini ya blanketi la pili, na mtu aliyezinduka saa nane usiku hana pa kwenda isipokuwa ndani ya kichwa chake mwenyewe. Mimi nilikaa humo majuma sita. Nilikuwa nimekopa shilingi 1,200,000 kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, nikazizika katika viazi mviringo upande wa Kilolo, mvua ikazidi, ukungu ukashika majani, na kile kidogo kilichopona kikanunuliwa kwa lumbesa, yale magunia yanayoshonewa kilemba juu hadi gunia moja likabeba karibu gunia na nusu. Kila usiku nilipiga hesabu ileile, na kila usiku jibu lilikuwa lilelile, lakini niliendelea kuipiga kana kwamba usiku wa kesho namba zingenionea huruma.

Jirani yangu ni bibi wa Kihehe anayesuka vikapu vya milulu, nyasi ndefu za mahali penye majimaji. Asubuhi moja alinisimamisha kwenye uzio. "Kamwene, mwanangu. Taa yako inawaka usiku kucha, unasoma nini?" Nikamjibu, "Sisomi, Bibi. Nawaza tu." Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Basi kama usingizi huna, njoo uniloweshee milulu." Hakunishauri lolote kuhusu deni, wala hakuuliza ni la kiasi gani.

Mwongozo huu umetokana na yale niliyojifunza barazani kwake, pamoja na mambo machache niliyoyasoma baadaye nikitaka kuelewa kwa nini yalifanya kazi. Nimeupanga kwa hatua, na ninashauri hatua hizo zifuatwe kwa mpangilio wake, kwa kuwa wengi huanza na ya tatu, wakanunua vifaa, wakaishia hapo.

Kwa nini kazi ya mikono

Mtu mwenye wasiwasi hakosi ubunifu. Mimi usiku wa manane niliweza kumwona katibu wa kikundi akibisha hodi, nikaona kochi likitolewa mlangoni kwa upande kwa sababu halipiti likiwa wima, nikaiona hata rangi ya gari lililokuja kulichukua. Hakuna lililokuwa limetokea. Akili iliyotengeneza yote hayo ndiyo ileile inayotengeneza kikapu, shairi, mtungi au mshono mpya wa gauni. Tofauti ni kwamba hofu haina kitu cha kuikatalia. Mlulu ukiuvuta vibaya unakatika, papo hapo, mbele ya macho yako, nawe unajua umekosea wapi. Hofu ukiivuta vibaya inarefuka tu.

Kwa hiyo kuchagua ubunifu badala ya wasiwasi si kujilazimisha kuwaza mambo mazuri. Nilijaribu hilo kabla ya kumfahamu bibi vizuri, na mawazo mazuri hayakudumu hata robo saa. Jambo linalosaidia ni kuipa akili yako malighafi halisi, yenye uzito, unyevu na ukaidi wake, ili ile nguvu ya kubuni ikutane na kitu kinachojibu.

Kabla ya yote: pima uzito wa hali yako

Wasiwasi wa ada za shule, bei ya mbolea, mgonjwa nyumbani au kazi isiyoeleweka ni jambo ambalo mwongozo huu unaweza kulisaidia. Lakini ikiwa kwa majuma mawili au zaidi hulali, chakula hakipiti, huoni raha katika jambo lolote ulilolipenda, moyo unakwenda mbio na pumzi kukatika bila sababu, au umeanza kuwaza kwamba ingekuwa afadhali usiwepo, usianze na kikapu. Nenda kituo cha afya au hospitali ya karibu ueleze hivyo hivyo ulivyo, bila kupunguza, na ikiwa wazo la kujidhuru limekuja, mwambie leo mtu unayemwamini na usikae peke yako. Ugonjwa wa akili una matibabu, na kusuka kunaweza kuja baadaye pamoja na matibabu hayo.

Hatua ya kwanza: mimina yote daftarini, kisha chora mstari

Chukua daftari la kawaida. Andika kila kinachokusumbua, kila kimoja kwenye mstari wake, bila kupanga na bila kuona aibu. Ukimaliza, fungua ukurasa mpya na uchore mstari katikati kutoka juu hadi chini. Upande wa kushoto hamishia yale mambo yenye tendo unaloweza kulifanya kabla ya saa sita mchana wa kesho, na uandike tendo lenyewe badala ya jambo. "Deni" si tendo. "Kwenda kwa katibu saa tatu asubuhi kuomba niongezewe miezi mitatu" ni tendo. Upande wa kulia weka yale ambayo kesho huwezi kuyafanyia lolote: mvua, bei ya soko, watu watasema nini.

Ukurasa wangu ulikuwa na mistari kumi na mmoja, na minne tu ndiyo iliyokwenda kushoto. Nilishangaa, maana kwa hesabu ya usiku nilidhani yote kumi na moja yananisubiri mimi.

Fanya ya kushoto kwanza. Nasisitiza hapa kwa sababu kuna watu, nami nimekuwa mmoja wao, wanaogeuza ubunifu kuwa pango la kujifichia. Anayedaiwa elfu ishirini dukani azungumze kwanza na mwenye duka, ndipo aguse uzi. Nilipokwenda kwa katibu alikunja uso, akataka ombi liwe la maandishi, akaniongezea muda kwa faini. Haikuwa habari njema sana, lakini ilikuwa habari, na baada ya hapo yule katibu wa usiku wa manane aliyekuja na gari hakurudi tena.

Orodha hii iandikwe jioni kabla ya kulala. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor nchini Marekani na wenzake waliwalaza watu 57 maabara. Baadhi yao waliandika kwa dakika tano mambo wanayotakiwa kuyafanya siku zijazo, wengine waliandika yale waliyokwisha kuyakamilisha. Walioandika ya mbele walipata usingizi mapema zaidi, kwa takribani dakika tisa, na orodha ilipokuwa ndefu na yenye matendo mahususi ndipo usingizi ulipowahi zaidi. Dakika tisa zinaweza kuonekana chache kwa mtu anayelala vizuri.

Hatua ya pili: upe wasiwasi kigoda chake

Yale ya upande wa kulia hayataondoka kwa kuandikwa. Yatengee saa moja maalumu na mahali maalumu. Mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake, nao wa Marekani, walichapisha njia ya namna hii: mtu hutenga nusu saa kila siku, wakati uleule na mahali palepale, kwa ajili ya kuhangaika tu, na wasiwasi ukimjia nje ya muda huo huuahirisha hadi saa yake ifike.

Mimi nilichagua saa kumi na moja jioni, nyuma ya jiko, kwenye kigoda kibovu ambacho mguu mmoja umepungua. Nilikaa pale na daftari nikahangaika kwa makusudi kabisa, upande wa kulia wote, mmoja baada ya mwingine. Nilipojipa ruhusa kamili, mara nyingi nilimaliza kabla ya dakika ishirini nikaanza kutazama kuku.

Usitumie kitanda kwa kazi hii, wala kiti kile utakachokalia kufanyia ubunifu wako. Usichague usiku pia. Baada ya nusu saa inuka, nawa uso, uwashe moto wa ugali. Siku za kwanza wasiwasi utakuja mapema kama mgeni asiyejua saa za kutembelea watu. Uambie saa kumi na moja, na usiubishie zaidi ya hapo.

Hatua ya tatu: chagua malighafi inayokujibu

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asikimbie. Jambo la kuangalia si kipaji. Jiulize maswali manne. Je, kitu hiki kinaweza kunikatalia, yaani nikikosea kitaonyesha kosa bila kungoja mtu aniambie? Je, ninaweza kukifumua nikaanza upya bila hasara? Je, ninaweza kukipata bila kukopa? Na je, ni tofauti na kazi inayonipatia riziki? Swali la mwisho wengi hulipuuza. Fundi cherehani anayehangaika na oda za wateja hatapumzika kwa kushona. Afadhali ashike udongo au bustani.

Kwa mtu wa Iringa, milulu ni chaguo la karibu. Nyasi hizi hukatwa na kukaushwa juani, na wanawake wa Kihehe wamesuka nazo kwa vizazi vingi vikapu vilivyobana sana. Fungu moja sokoni si ghali, na anayesuka karibu nawe hakosi mabaki ya kukugawia. Rangi hupatikana kwa kuchemsha magome, mizizi na majani, lakini hilo liache kwanza. Atakayeanza na rangi atahangaikia rangi.

Aliye upande wa Kyela ana udongo. Kule Ikombe, ng'ambo kidogo ya Matema kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mkono na kuvichoma nje kwa moto wa wazi, na vyungu vyao hupanda hadi masoko ya Tukuyu na Mbeya mjini. Usijaribu kuanza na chungu. Anza na kijibakuli kinachoenea kiganjani: finyanga donge, lizamishe kidole gumba katikati, zungusha ukibana pole pole hadi kuta zilingane. Ukuta ukiwa mwembamba upande mmoja, udongo utalegea na kukuinamia. Ndilo jibu lake. Huna haja ya kukichoma, kivunje, kiloweke, kesho uanze tena na udongo uleule.

Njombe na Makete, ambako asubuhi za Juni na Julai majani huweza kuamka meupe kwa sakitu, uzi wa sweta una faida mbili, maana kinachotoka mikononi kinavaliwa. Anza na skafu iliyonyooka, si sweta lenye mikono. Na popote ulipo, kuanzia Mafinga hadi Tunduma, fundi cherehani ana mfuko wa vipande vya vitenge chini ya meza yake, ambavyo mara nyingi huvitupa. Mwombe. Kuunganisha vipande hivyo kwa sindano ya mkono hadi vikawa foronya ni kazi ya majuma kadhaa, na kila pembe isiyokutana na mwenzake itakuonyesha kosa lako bila huruma.

Uandishi nao unafaa, hasa mashairi ya vina na mizani, kwa sababu mizani nane na nane hukatalia mshairi kama mlulu unavyomkatalia msusi. Kuandika hisia bila umbo lolote kuna faida yake, lakini nimeona kwamba kwa mtu anayehangaika, ukurasa mtupu usio na masharti hugeuka haraka kuwa kigoda cha saa kumi na moja.

Kitu nisichokishauri ni simu. Kutazama video za watu wakisuka si kusuka.

Hatua ya nne: andaa kila kitu jana yake

Weka vifaa vyote kwenye ungo au beseni moja, mahali utakapopaona ukiamka. Kinachohitaji kulowekwa kilowekwe. Chagua saa ambayo nyumba haikuhitaji sana, na uwaambie wa nyumbani. Ukingoja muda upatikane wenyewe, wasiwasi ndio utakaoupata kwanza.

Hatua ya tano: kaa dakika arobaini na tano

Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, walichapisha jaribio walilowafanyia watu wazima 39. Waliwapa udongo, kalamu za rangi na karatasi za kubandika, wakawaacha watengeneze wanachotaka kwa dakika 45, wakapima kwenye mate homoni ya kotiso, ambayo mwili huitoa wakati wa msongo. Kwa takribani robo tatu ya watu hao homoni hiyo ilishuka, na uzoefu wa awali wa sanaa haukuleta tofauti ya maana. Wale wengine haikuwashukia. Nalitaja hilo kwa sababu ukikaa siku ya kwanza ukainuka ukiwa vilevile, hujashindwa, umeangukia tu robo ile nyingine siku hiyo.

Sasa nieleze kikao chenyewe kwa kutumia sinia dogo la milulu, maana ndilo ninalolijua kwa vidole. Anayetumia udongo au uzi atachukua mwendo wake, si vipimo.

Nyunyizia milulu maji, uifunge kwenye kitambaa chenye unyevu hadi ikunjike kidoleni bila kulia. Mlulu mkavu ukiukunja hutoa sauti ndogo kabla ya kukatika. Sikiliza sauti hiyo. Chagua minane iliyo minene, kila mmoja wenye urefu wa dhiraa moja, yaani kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Panga minne ubavu kwa ubavu, kisha uweke minne mingine juu yake ikikatiza katikati, upate alama ya msalaba. Hii ndiyo ya kusimama. Chukua mlulu mwingine mwembamba na mrefu, uukunje karibu na katikati, lakini upande mmoja uwe mrefu kuliko mwingine ili ncha zote mbili zisiishie mahali pamoja. Uvishe mkunjo huo kwenye fungu moja la minne. Sasa una ncha mbili za kusukia: moja inapita juu ya fungu, nyingine chini yake, zinapishana, na kwenye fungu linalofuata iliyokuwa juu inakwenda chini. Zunguka hivyo mara tatu, ukibana kwa kidole gumba kuelekea katikati.

Mzunguko wa nne tenganisha milulu ya kusimama iwe miwili miwili. Hapa ndipo kila anayeanza anapoharibikiwa. Mkono huona nafasi zimeongezeka, ukaogopa kwamba kazi italegea, ukavuta. Kitako kikijikunja kama kikombe wakati ulitaka sinia, ujue umevuta. Mimi nilivuta mara tatu mfululizo, na mara ya tatu bibi aliweka kikapu chake chini akaniuliza, "Mwanangu, unasuka au unakamata mwizi?"

Nilifumua. Kufumua ni sehemu ya kikao, na pengine ndiyo sehemu niliyoihitaji kuliko zote. Nilirudisha ncha moja baada ya nyingine, milulu ikabaki na makovu ya mikunjo, nikailowesha tena, ikanyooka kiasi cha kutumika. Kwa majuma sita sikuwa nimeweza kurudi nyuma katika jambo lolote. Viazi havikuweza kufumuliwa. Hiki kiliweza.

Baada ya mizunguko mitatu ya miwili miwili, tenganisha tena iwe mmoja mmoja. Nafasi kati ya mlulu na mlulu ikizidi upana wa kidole, chomeka mwingine wa kusimama kando ya wa zamani. Ncha ya kusukia ikikaribia kuisha, laza mpya juu ya ya zamani kwa upana wa vidole vitatu, uzisuke pamoja. Usihesabu mizunguko yote. Hesabu ule mmoja ulio nao mkononi: juu, chini, pishanisha, bana.

Dakika arobaini na tano zikitimia, acha. Ukiona umesahau kuangalia saa, hilo halina ubaya, ila kesho usijaribu kulirudia kwa nguvu.

Hatua ya sita: wasiwasi ukipiga hodi katikati ya kazi

Utapiga. Kwangu ulikuja hasa pale mikono ilipozoea, mizunguko ikawa inakwenda yenyewe na akili ikapata nafasi ya kuzurura. Weka penseli na kipande cha karatasi kando. Wazo likija, andika neno moja tu, "faini" au "mbegu," kisha urudi kwenye mlulu uliouacha. Neno hilo utalikuta saa kumi na moja kwenye kigoda. Ukijikuta umeandika maneno matano ndani ya dakika chache, kazi imekuwa nyepesi kuliko akili yako; igeuze kidogo. Badili upande wa kusukia, ongeza mlulu wa rangi tofauti, jaribu ukingo. Kazi ikiwa rahisi mno akili hutoroka, na ikiwa ngumu mno mkono hukasirika. Unatafuta pale katikati, na kila baada ya siku chache patakuwa pamehama.

Kwa upande wangu, siku tatu za mwanzo sikupata nafuu yoyote zaidi ya maumivu ya kidole gumba. Juma la pili niliona kwamba nikiamka usiku, kitu cha kwanza kichwani kilikuwa namna ya kutenganisha miwili miwili bila kuvuta. Deni lilikuja la pili. Usingizi ulirudi mwezi wa Agosti, na deni lenyewe lilikwisha Januari, kwa hiyo nina hakika kwamba si kulipa kulikoniletea usingizi.

Hatua ya saba: vitu vitatu vya mwanzo haviuzwi

Hii ni sheria yangu mwenyewe na ninaishikilia kwa ukali. Nilipomaliza sinia la kwanza, ndugu mmoja alilitazama akasema watalii huvinunua vitu hivi, ningeweza kupata hela. Usiku ule nilipiga hesabu ya masinia ishirini kwa mwezi hadi saa tisa. Wasiwasi ulikuwa umetoka kwa mlango wa mbele na kuingia kwa dirisha, safari hii ukiwa umevaa nguo za mjasiriamali. Biashara ya ufundi ni jambo jema, na nyumba nyingi katika nyanda hizi zinasomesha watoto kwayo, lakini ina hofu zake, na mtu ambaye bado hajapona hofu za zamani asizikaribishe mpya kwa haraka.

Kwa hiyo cha kwanza kibaki nyumbani hata kikiwa kimepinda. Cha pili mpe mtu asiyekitarajia. Cha tatu mpelekee aliyekufundisha, akikosoe. Usivipige picha ukavitundika mtandaoni ili kungoja watu waseme neno, kwa kuwa kungoja huko ni wasiwasi uleule. Sinia langu la kwanza linachambuliwa maharage hadi leo, nalo likiwekwa mezani huyumba upande mmoja kama kile kigoda.

Hatua ya nane: simama palipobaki kazi

Usimalizie kikao mahali kazi ilipokamilika. Simama katikati ya mzunguko, ukiwa unajua mlulu unaofuata unakwenda juu au chini. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, aliyekuwa akisoma Berlin, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu walikumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko zile walizozimaliza. Waliorudia majaribio hayo baadaye hawakupata matokeo yaleyale kila mara, lakini mtu yeyote aliyelala na deni anaelewa maana yake: akili hushikilia kisichokwisha. Kwa kuwa lazima ishikilie kitu, iachie mzunguko wa tisa wa sinia.

Nilipomwambia bibi jambo hili alicheka, kwa sababu yeye hajawahi kumaliza kikapu jioni tangu aolewe. Humaliza asubuhi, na jioni ileile anakuwa amekwisha kuanza kitako cha kingine.

Ukishasimama, kunja ncha mbili za kusukia, uzichomeke chini ya mlulu wa kusimama ulio karibu ili zisifumuke. Funika kazi yote kwa kitambaa chenye unyevunyevu, kilichokamuliwa vizuri, kisha uiweke kwenye ungo mahali penye hewa. Usiiweke ndani ya mfuko wa plastiki, maana milulu ikikaa humo siku mbili huota ukungu na kunuka, na harufu hiyo haitoki hata ukianika juani. Kama unajua kesho hutaweza kukaa, acha ikauke kabisa, na usiku wa kuamkia siku ya kazi uinyunyizie maji tena kidogo kidogo, ukianzia katikati.